Mama Koti na Masweta Yaliyopotea

Alhamisi, 1 Julai 1999

Baridi kali. Soksi nilizofua juzi bado mbichi. Kemia sijaimaliza, lakini leo ni Alhamisi, na Alhamisi simalizi kitu.

Baada ya taarifa ya habari niliingia sebuleni kwa Bwana Salum, nikakaa mahali pangu mkekani, karibu na televisheni. Yeye ndiye mwenye nyumba wetu. Ana malori, na ana dishi juu ya bati. Mimi na Shangazi tumepanga chumba kimoja huku nyuma. Alhamisi mlango wa sebule unaachwa wazi kwa wapangaji wote. Hata majirani wanakuja.

Tunatazama tamthilia ya upelelezi. Ni ya Kiingereza, kwa hiyo natafsiri mimi. Jina la yule mpelelezi ni gumu, akina mama walimwita Mama Koti kwa ajili ya lile koti lake refu la kijivu. Kwa baridi ya Makambako kila mtu analitamani koti lile.

Leo aliingia kwenye nyumba ya marehemu wa tatu. Polisi wote wanaume, wana bastola, wanapiga kelele. Yeye kimya. Akatazama vikombe. Akatazama viatu mlangoni. Kisha akawaeleza muuaji ni mtu wa namna gani, bila kuwahi kumwona: umri wake, kazi yake, jinsi anavyokaa peke yake. Nilisisimka mwili mzima. Sijawahi kuona mwanamke akiheshimiwa kwa kufikiri tu.

Jambo la ajabu. Darasani sinyooshi mkono hata jibu nikiwa nalijua. Pale sebuleni nasema mbele ya watu wote na sauti haitetemeki. Nadhani ni kwa sababu maneno si yangu.


Jumamosi, 3 Julai

Sweta la Zuhura limepotea. Zuhura ni mtoto wa mwisho wa Bwana Salum, yuko darasa la kwanza. Sweta la shule, la kijani. Lilikuwa limetandazwa juu ya ule ua mfupi wa mabanzi unaotutenga na uwanja wa mbao. Hapa kwetu masweta ya sufu hayaanikwi kwenye kamba, yanarefuka mikono. Yanatandazwa.

Mama Zuhura amewauliza watoto wote. Hakuna anayejua.

Nimesoma Historia. Nimejaribu kutembea kama Mama Koti, mikono mifukoni. Sina koti, nilificha mikono ndani ya kitenge cha Shangazi. Nilijisikia vizuri hivyo hivyo.


Alhamisi, 8 Julai

Sweta la pili limepotea Jumanne, la tatu leo. Yote ya watoto. La leo ni jekundu, la mtoto wa Mama Neema, mpangaji mwenzetu. Khanga, suruali na shuka za Bwana Salum zilikuwa kwenye kamba palepale, hazikuguswa.

Jioni sebuleni watu waliongelea masweta kuliko tamthilia. Mama Zuhura anaogopa. Mwizi wa kawaida angechukua suruali, anasema. Anayechukua nguo yenye jasho la mtoto anaipeleka kwa mganga. Hakuna aliyembishia. Mimi pia niliogopa.

Mama Koti alikuwa mzuri mno leo. Alisema kitu nilichokiandika kwenye kiganja: usiulize nani mbaya, uliza huyu mtu anahitaji nini. Nilipotafsiri, sebule nzima ilisema mmh. Bwana Salum akasema, "Huyu mama anapiga ramli ya kizungu." Watu wakacheka, lakini wanaamini.


Jumapili, 11 Julai

Nimefanya kitu kibaya.

Baada ya misa nilikuta akina mama uani wanachambua mchele. Sweta la nne limepotea. Mama Neema akanitania, "We Skola, mwanafunzi wa Mama Koti. Yeye angesemaje?" Wote wakanigeukia. Haijawahi kutokea watu wazima wakaningoja niseme.

Nikasema. Nikasema ni mtu anayepita hapa mchana bila kushtukiwa. Anaishi peke yake. Hana watoto. Na hataki nguo, maana nguo zipo kwenye kamba na haziguswi. Anataka sufu.

Nilitamka polepole, kama yeye. Nilifurahi jinsi ilivyotoka.

Kisha nikaona hawanitazami tena mimi. Wanatazama mlango wa Mzee Tweve.

Mzee Tweve ni mzee wa Kikinga, ametoka kijijini Ipelele. Amepanga kile chumba kidogo karibu na choo. Kazi yake ni kununua masweta ya mitumba yaliyochakaa, anayafumua, na kwa uzi ule anafuma kofia na soksi za kuuza stendi. Kila asubuhi ananisalimia "Kamwene", nami naitikia "Kamwene". Ni hayo tu tunayoongea.

Sikumfikiria hata kidogo wakati nasema. Naapa. Nilikuwa namfikiria mtu wa kwenye televisheni.


Jumatatu, 12 Julai

Wamefungua chumba chake. Bwana Salum, na nyuma yake vijana wa stendi. Wamekuta gunia la uzi wa sufu, wa kila rangi. Wa kijani umo. Mwekundu umo.

Mzee akasema uzi wote ni wa mitumba, ananunua sokoni Njombe. Alisema mara moja tu. Kiswahili chake ni cha taratibu, na walimkatiza. Mmoja wa vijana, utingo, akamwambia, "Babu, kofia zako zina majina ya watoto wetu." Wenzake wakacheka. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Alirudisha uzi kwenye gunia, rangi moja moja.

Bwana Salum amempa mpaka Ijumaa baada ya swala awe amehama. Vijana wakasema Ijumaa ni mbali. Bwana Salum akawakemea, hataki fujo kwenye nyumba yake. Lakini nyumba yake inaishia getini.

Nilikuwa nimesimama na ndoo. Nikageuka, nikaenda bombani.

Usiku nimemwambia Shangazi ni mimi. Akasema, "Wewe ulitaja jina?" Sikutaja. "Basi. Usiingilie, sisi wapangaji tu."

Ni kweli sikutaja jina. Haijanisaidia kulala.


Jumatano, 14 Julai

Shuleni nimepata tisa ya kumi Biolojia. Sioni furaha.

Asubuhi Mzee Tweve hakunisalimia. Hakuwa amenuna. Alipita tu akitazama chini, kama mtu asiyetaka kumletea mwenzake matatizo.

Sweta jingine limepotea jana. Wanasema ameliiba kwa jeuri, kwa kuwa anahama. Mimi nafikiri mtu aliyekamatwa Jumatatu haibi Jumanne. Lakini nafikiri tu. Kufikiri nafikiri sana. Kusema ndio tatizo.

Namchukia yule utingo. Najichukia mimi zaidi.


Alhamisi, 15 Julai

Nilitaka nisiende sebuleni. Mama Zuhura alimtuma mtoto aniite, bila mimi hawaelewi.

Leo Mama Koti alikosea. Mtu aliyekamatwa kwa maelezo yake si muuaji, na muuaji ameua tena. Mkuu wake anataka wanyamaze, aibu kwa idara. Yeye akasimama mbele ya polisi wote akasema amekosea. Hakulia, hakujitetea. Kisha akarudi kwenye ile nyumba ya kwanza, akavua koti, akalala kifudifudi sakafuni aone chumba kwa macho ya aliyekuwa amejificha pale.

Nilisahau kutafsiri. Bwana Salum akauliza, "Amesemaje? Amesemaje?"

Na nikagundua kitu kingine. Mama Koti anasema "labda" kila mara. Labda ana miaka thelathini. Labda anaishi peke yake. Mimi wiki zote hizi nimekuwa nikiiruka. Inachelewesha, na watu wanapenda kusikia jambo lililokatwa moja kwa moja. Nikamfanya mpiga ramli. Kisha Jumapili nikaongea kama yule mpiga ramli niliyemtengeneza mwenyewe.

Yeye ni bora kuliko nilivyomtafsiri. Nimekaa na hilo moyoni. Linauma na linanifurahisha.

Kesho Ijumaa. Nitaamka mapema.


Ijumaa, 16 Julai

Nimechelewa shule. Sijali.

Alfajiri, umande kila mahali, nilienda kwenye ule ua wa mabanzi. Nikasimama nikatazama. Sikuona kitu. Nikapiga magoti. Sikuona kitu. Nikalala chini kabisa, nikiwa na sare ya shule, shavu kwenye udongo wa baridi.

Kutoka kule chini ua ni kitu kingine. Kuna banzi moja limeoza chini, limeacha tundu. Kwenye tundu kuna nyuzi za sufu, nyekundu, zimenasa kwenye mbao. Na manyoya. Na udongo umelainika, umepitwapitwa na kitu kinachoburuta tumbo.

Masweta yaliyopotea yote yalikuwa ya watoto. Kwa sababu masweta ya watoto ndiyo yanayofuliwa kila mara. Kwa sababu yanatandazwa juu ya ua. Kwa sababu mikono yake inaning'inia chini. Sio kwa sababu ya jasho wala mganga.

Mbwa. Kwenye nyumba hii hakuna anayefuga mbwa, wala hakuna anayemtazama. Mbwa koko akipita watu wanakunja khanga zao na kugeuza uso. Ndiyo maana hatukumwona. Tulitafuta moyo mbaya tu.

Nilipogeuka Bwana Salum alikuwa anarudi kutoka msikitini. Mzee Tweve alikuwa ameshatoa kitanda chake nje. Wale vijana wa stendi walikuwa wameshafika getini, wanangoja atoke.

Nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya Zuhura. Nilisema, "Baba, shikamoo. Jumapili nilisema vibaya. Sio mtu." Utingo akacheka, "Sio mtu ni nini, jini?" Nikasema nitawaonyesha, na kama nimekosea tena nitasema nimekosea.

Bwana Salum alitazama sare yangu iliyojaa matope. Nafikiri ni matope yaliyomfanya anifuate.

Tuliingia uwanja wa mbao, tukafuata manyoya na nyuzi mpaka nyuma kabisa, kwenye rundo la mabanzi yasiyouzika. Nikainama. Alikuwepo. Mbwa jike wa rangi ya vumbi, mbavu nje, na watoto wake wamefumba macho. Chini yao sweta la kijani. Jekundu. Na yale mengine. Yametafunwa, yamesokotwa, yametengenezwa kitanda. Hakubweka. Alitutazama tu huku akitetemeka.

Anahitaji nini? Joto. Nilipatia sufu, nikakosea anayeihitaji.

Bwana Salum aliinama karibu yangu. Kisha akasema, "Subhanallah." Vijana wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyemuaga mwenzake.

Aliporudi uani alimwendea Mzee Tweve. Alishika upande mmoja wa kitanda. Mzee akashika upande wa pili. Wakakirudisha ndani.

Shuleni nilipigwa viboko viwili kwa kuchelewa na matope. Mwalimu aliuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nalala chini. Akaongeza cha tatu.


Jumapili, 18 Julai

Misa. Nimefua sare mara mbili.

Mama Zuhura hataki sweta la Zuhura lirudi ndani, limeshaguswa na mbwa, liwe la mbwa. Mama Neema amelichukua lake, amelifua kwa maji ya moto. Mlinzi wa uwanja wa mbao ameambiwa asimfukuze mbwa mpaka watoto wafumbue macho. Aliyemwambia ni Bwana Salum. Shangazi haamini.

Mzee Tweve bado hajanisalimia. Namwogopa. Sio yeye, naogopa nitakachoona usoni kwake.


Alhamisi, 22 Julai

Leo nilitafsiri kila labda.

Mama Neema akalalamika, "Mbona leo Mama Koti hajui kitu?" Nikasema anajua, ila hana hakika bado. Bwana Salum akasema basi aharakishe. Niliendelea. Labda ni fundi. Labda si fundi. Inawezekana anamjua marehemu, inawezekana hamjui. Watu waligunaguna, lakini mpaka mwisho walikuwa wanabishana wenyewe kwa wenyewe, kila mtu na mtu wake. Haijawahi kutokea. Zamani walikuwa wananingoja.

Nampenda zaidi hivi. Nikimaliza kidato cha sita nataka kujua hiyo kazi inasomewa wapi. Sijamwambia mtu. Nimeandika hapa tu.


Jumapili, 25 Julai

Jua kidogo leo.

Mzee Tweve alikuwa amekaa mlangoni kwake. Bwana Salum ameagiza sweta la Zuhura, la kijani, jipya. Mzee alitaja bei, na Bwana Salum, ambaye hulalamikia hata bei ya kiberiti, hakupunguza. Shangazi aliyasikia mwenyewe.

Nilikuwa napita kwenda bombani. Mzee akasema, "Kamwene." Nikaitikia. Nikataka kuendelea na kuomba radhi, nilikuwa nimeipanga tangu wiki iliyopita, sentensi nne. Akainua kishada cha uzi akanionyesha nikae. Nikaweka ndoo chini, nikanyoosha mikono, akanivisha uzi viganjani, akaanza kuukunja uwe donge.

Alikunja mpaka donge likawa kubwa kama yai.

Kisha akaniuliza, "Yule mama yenu wa koti, ana watoto?"

Nikasema sijui. Tamthilia haijasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi ninao wanne," akasema. "Wako Ipelele."

Akanitajia majina yao, kuanzia mkubwa. Mkubwa anasomea ualimu. Wa mwisho anaogopa ng'ombe. Nilisikiliza. Uzi ulikuwa unapungua mikononi mwangu, kijani, na niliushika vizuri usijisokote.