Tharcisse Banza, Aliyegusa Chuma kwa Mgongo wa Mkono

Papa Arnaud, mwaka umezunguka na kurudi palepale ulipotuacha. Ilikuwa Julai 2012, na leo ni Julai tena. Nimekaa mezani kwenye kiti changu. Chako nimekiegemeza ukutani, kwa sababu Doudou, mjukuu wetu wa mwisho, amejifunza kukipanda. Watoto wameniambia, "Maman, andika weye, weye njo unamujua." Basi, kwa kuwa mimi ndiye ninayekujua, naandika mimi, Sidonie, mke wako, kwa niaba ya wote. Wengine watasoma pia; acha wasome. Huna siri ambayo hukuwahi kuisimulia mwenyewe kwenye tramu.

Kwa wasiokujua: ulikuwa mtoto wa Kamina, kule Katanga. Ukiwa kijana mbichi Wabelgiji walikuchukua kwenye kambi yao ya jeshi la anga kuwasaidia mafundi. Ulibeba spana, ulipangusa mabawa ya ndege, na baadaye ukaachiwa kukaza nati mwenyewe. Uhuru ulipokuja wao wakafunga mizigo wakaondoka, wewe ukabaki. Ukawa fundi wa malori Lubumbashi, ukanikuta mimi, tukampata Arnaud na Antoinette, na miaka ya tisini tukamfuata Arnaud huku Brussels. Umefanya kazi nyingi maishani mwako. Lakini mtu akikuuliza kazi yako, hata padri, hata daktari wa macho, ulijibu neno moja tu: "Aviation." Ungedhani umeshuka ngazi ya ndege asubuhi hiyohiyo.

Nasema mbele ya watu: niliolewa na mke mwenza, na mke mwenza wangu alikuwa kiwanja cha ndege. Nikipika bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, ulianza kuhusu Kamina. Mvua ikinyesha mtaani kwetu Schaerbeek, ulianza kuhusu Kamina. Nilikuwa nakuambia, "Nenda basi ukaishi naye," nawe ulicheka ukaendelea na hadithi.

Hadithi zote zilikuwa za joto. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, ndege iliyoshinda juani ilikuwa haishikiki. Spana mlizifunika kwa gunia lililoloweshwa maji, na hakuna fundi aliyeshika chuma kabla ya kukigusa kwanza kwa mgongo wa mkono. Ulitueleza sababu mara nyingi: ukiunguza kiganja, siku hiyo huna kazi tena, ukiunguza mgongo wa mkono, unapuliza kidogo unaendelea.

Ukahama na mkono huo. Ukagusa hivyo kitasa cha mlango wetu, sufuria, geti la kanisa siku ya Noeli, nguzo ya tramu. Nilikuonea aibu, nakiri. "Papa Arnaud, ni hiver, baridi tupu! Kitu gani itakuunguza hapa?" Nawe ulijibu bila kugeuka, "Mukono haiyajua kama tuko Bulaya."

Ndivyo ulivyompata Constant. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2004, tumepanda tramu kituo cha Liedts, mimi nimebeba unga. Ukagusa nguzo kwa mgongo wa mkono, halafu ukaishika. Mbele yetu alikaa mzungu mzee mwenye kofia ya sufu, akakukazia macho. Nikasema moyoni, haya, leo tutaambiwa neno. Yule mzee akainuka, akavua glavu, akaigusa nguzo ileile kama wewe, kwa mgongo wa mkono.

"Kamina?" akauliza.

"Kamina," ukajibu.

Mlipita kituo chetu. Mlipita na kituo chake. Mlifika mwisho wa njia mkarudi tena, mikono ikipaa hewani kama ndege, na mimi nimekumbatia unga wangu. Abiria walidhani mmelewa.

Constant alikuwa mwanajeshi fundi pale Kamina ujanani mwake, miaka ya hamsini. Alikaa kidogo tu, akarudishwa kwao, na tangu hapo, alituambia, hajawahi kupata joto la kutosha. Alikuwa bado na Kiswahili cha wakati ule, na Kiswahili hicho kilikuwa amri tupu. Siku ya kwanza nyumbani kwetu alikaa vizuri akatamka kwa furaha, "Lete chai!" Nikamjibu, "Jiletee mwenyewe, jiko ile pale." Ulicheka hadi ukakohoa. Yeye akawa mwekundu hadi masikioni, akaomba afundishwe namna nyingine. Sasa anasema, "Naomba chai, Maman Sidonie, kama haisumbui," na chai anapata.

Aliyekupeleka kwenye chakula cha wazee wa Kamina, Wabelgiji waliowahi kutumika kule, ni yeye. Kila Novemba walikutana kwenye ukumbi mdogo, wakafungua radieta zote za kupashia joto hadi mwisho, wakavua makoti na sweta, wakala wamevaa mashati ya mikono mifupi ya kaki kama zamani. Matumbo hayakuwa ya zamani, lakini mashati walilazimisha. Nje mvua ya barafu, ndani sisi wake tunajipepea kwa sahani za karatasi. Kisha inaanza hadithi ya yai. Kila mwaka yai lilikaangwa juu ya bawa la ndege kwa jua la Kamina, na kila mwaka mkaangaji alikuwa mwingine, naye yuko tayari kuapa.

Wewe ulisikiliza tu, unatabasamu. Kwenye tramu ya kurudi ndipo uliponinong'oneza: "Batatu banasema ni bo balikaanga ile yai. Bon. Na kupangusa ile aile ya ndege kisha, alikuwa nani? Ni miye, na savon."

Siku hiyo nilikasirika. Nilijua kwamba wao walikula ndani, chini ya feni, na ninyi wasaidizi mlikula nyuma ya banda la ndege mmechuchumaa. Constant mwenyewe alikuwa amekiri kwamba anakumbuka namba za ndege, lakini jina la msaidizi hata mmoja halimjii. Nikakuuliza, "Unaendaka kulilia nini na bale bantu? Ata kula pamoja hamukukula!" Ulifuta mvuke kwenye dirisha la tramu. Halafu ukasema, "Sidonie, siko nalilia bo. Nilikuwa na vingt ans, kijana. Mikono yangu ilikuwa inajua kazi, na jua ilikuwa ya kwetu. Wao balikuya kuiazima tu." Sikukuuliza tena. Mwaka uliofuata nilivaa gauni jepesi.

Uliogopa kitu kimoja tu, Papa Arnaud, na watoto wanakijua: ardhi baridi. Tulipomzika jirani yetu mwezi wa kwanza, uliwaona wachimbaji wakipambana na udongo ulioganda, na siku ile hukugusa chakula. Ulinishika mkono ukasema nikurudishe kwetu siku ikifika, "kule udongo iko moto ata usiku." Nikaahidi. Tena tulipanga twende pamoja tungali wazima, unionyeshe uwanja wenyewe, maana mimi ni mtu wa Lubumbashi na Kamina sikuwahi kukanyaga. Kila kiangazi tulisema mwaka huu. Mara Antoinette anajifungua, mara goti langu, mara habari mbaya za kwetu kwenye redio. Tukadhani muda upo.

Kisha hospitali. Ndugu yako Numbi alipiga simu kutoka Kamina kila siku, akiuliza tunakuleta lini, mahali pako pameshasafishwa karibu na mama yenu. Nilikuambia. Ulinyoosha mkono, ukagusa chuma cha kitanda kwa mgongo wake, ndipo ukakishika.

"Kule nani atakuya kuniona?"

"Numbi."

"Na weye?"

"Nitakuya."

"Na ile goti? Na ndege?" Ulipumzika kidogo. "Fasi utaweza kuya na tram, Sidonie, ni pale munilalishe."

Nikasema nilishaahidi. Ukasema, "Ile promesse ilikuwa yangu. Minakufungula."

Tukakulaza makaburi ya Laeken, hapahapa Brussels. Numbi hakusema nami hadi Pasaka. Tangu hapo kila simu aliuliza tutakuleta lini, akasema nimekuacha kwenye friji ya wazungu, nami usiku na mchana nilikuwa najiuliza lilelile. Ulinifungua kwa kuwa ulitaka, au ulinihurumia? Nakujua wewe. Ulikuwa mtu wa kunisogezea kipande kikubwa cha samaki na kusema umeshiba, na tumbo linanguruma nasikia. Jambo hilo limenitafuna mwaka mzima.

Theluji ilianguka hata mwezi wa tatu. Nilikuja kwa tramu na mjukuu wetu Keren, jiwe lako jeusi likawa halionekani. Nililipangusa, nikavua shali yangu nikalifunika. Keren akaniuliza, "Mémé, pépé anasikia baridi?" Mazishini sikulia, nilikuwa na wageni wa kuwapa chakula. Siku ile nililia mbele ya mtoto hadi akanishika mkono kunirudisha kituoni.

Kabla ya hapo, Novemba, wazee wa Kamina walikuwa wamenialika. Wamebaki wachache. Radieta zilikuwa zinachoma kama kawaida, wakaniweka kwenye kiti chako. Constant akaanza ya yai, "Siku ile jua lilikuwa..." akatazama nilipokaa, akaacha, akachukua mkate. Mwaka huo yai halikukaangwa.

Unaniuliza ninachokosa? Si hadithi, nyingine nimezikariri kukushinda. Nakosa asubuhi. Kila asubuhi, kabla hujasema bonjour, ulinigusa shavu kwa mgongo wa mkono, kana kwamba mimi nami nililala juani pale uwanjani. Ukasema, "Iko moto," hata siku nilizokuwa nimenuna. Hiyo tu. Naamka, nangoja, halafu nakumbuka.

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya mwaka wako, tulikuja wote Laeken. Jua lilikuwa kali, mji mzima unalalamika, madirisha ya tramu yako wazi na watu wanajipepea kwa magazeti. Constant alikuja na fimbo yake na shati lake la kaki. Nikainama kuweka maua. Na mkono wangu, Papa Arnaud, huu wangu uliokucheka miaka yote, ambao haukufanya kazi ya ndege hata siku moja, ukajigeuza wenyewe ukagusa jiwe kwa mgongo.

Nikaurudisha haraka. Jiwe lilikuwa linaunguza.

"Iko moto?" Constant akauliza.

"Iko moto."

Naye akagusa, akaruka kidogo, akacheka, kisha akageukia upande wa miti tusimwone uso. Arnaud akagusa, Antoinette akagusa, wajukuu Keren na Shekinah wakagusa, hata Doudou, kwa mgongo wa kamkono kake, bila mtu kumfundisha. Hakuna aliyetumia kiganja. Nikatoa simu palepale nikampigia Numbi.

"Numbi, jiwe ya ndugu yako inaunguza."

Akauliza, "Moto ya kweli?"

"Ya kweli. Ata mukono haiwezi kukaa."

Nilimsikia akipumua. "Merci, maman," akasema, na hakuuliza tena lini tutakuleta.

Kama ulinifungua kwa kutaka au kwa huruma, hilo utaniambia tukionana. Lakini nimelala vizuri tangu Jumapili.

Wanaokukumbuka: mimi mke wako Sidonie, watoto wako Arnaud na Antoinette, wajukuu zako Keren, Shekinah na Doudou, ndugu yako Numbi na ukoo wote wa Banza kule Kamina, na Constant, ambaye anaomba aandikwe hapa pamoja na familia, nami nimemwandika.

Hututoki moyoni, Papa Arnaud. Baridi ikirudi, nitakuja na shali.