Giga Mia na Hamsini Kabla ya Saa Moja

Jumapili, 2 Februari

Mtaa wetu wote wa Jaro uko kwenye sikukuu, mimi niko kitandani na aibu yangu. Jana, harusi ya watu wa Oton — chakula kimeliwa, keki imekatwa, mshereheshaji ametangaza mara mbili kwamba sasa tunaona picha za leo. Skrini nyeusi. Diski yangu kuukuu inazunguka tu, tiki, tiki. Wageni wakaanza kufunga mabaki ya lechon, nguruwe wa kubanika, kwenye mifuko. Picha zilipokuwa tayari walibaki maharusi, wapiga muziki na paka.

Huku kwetu harusi isiyoonyesha picha zake siku hiyohiyo ni kama haijaisha. Rufino, ninayepiga naye picha, hakunilaumu. Alisema tu kwamba diski yangu imefikia umri wa kuolewa. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 4 Februari

Kazi mpya! Binti anaitwa Lorelie, anaolewa Jumamosi ya tarehe 22. Mama yake, Nang Perla — huku mkubwa wa kike tunamwita Nang, wa kiume Nong — alitulisha supu ya molo, ile ya vifurushi vya nyama, kwanza, ndipo akatoa tatizo. Baba mtu, Nong Eliseo, ni mpishi wa meli. Siku hiyohiyo ya harusi gari linamchukua saa moja kamili jioni kwenda uwanja wa ndege. Miezi tisa baharini. Harusi haisogezwi, meli haisogezwi. Basi wa kusogea ni mimi.

Tulipoaga ndipo Nong Eliseo akaniambia: "Mwanangu, alipobatizwa nilikuwa baharini. Alipomaliza chuo, baharini. Hii nayo sitaki kuiangalia kwenye simu inayokatakata. Nataka niione nimekaa naye, hapa."

Misa itakwisha saa tisa na nusu. Picha elfu tatu na kitu, giga mia na hamsini. Nikitumia ile diski yangu, ataondoka hajaona hata moja. Nahitaji nyingine. Ipi?

Alhamisi, 6 Februari

Dukani kwa Krisanta, saa mbili nzima. Diski za sasa hazina kinachozunguka ndani. Nilitaka kuhakikisha, nikaitikisa moja sikioni. Krisanta akaniuliza kama nanunua nazi.

Nilikwenda na laptopu yangu na folda ya giga ishirini. Nikapima kwa saa ya simu. Ya kwanza sekunde ishirini na tisa. Ya pili ishirini na sita, na bei yake mara mbili! Sekunde tatu tu ndizo za kulipia bei yote hiyo? Nimechukua ya rahisi. Najiona mjanja.

Jumatatu, 10 Februari

Si mjanja. Leo nimeipa mzigo mzima, giga mia na hamsini. Ikatimka hadi giga thelathini, kisha ikaanza kutambaa. Dakika arobaini na moja, na ya moto kiasi cha kuwekea chai. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Lakini kwa nini? Mchana wote nimesoma. Kumbe ndani mna kibaraza kidogo cha kupokea wageni haraka haraka. Kikijaa, waliobaki wote wanapanga foleni kwenye mlango mmoja mwembamba. Duka halikunidanganya. Nilipima harusi kwa wageni wachache.

Krisanta amekubali nibadilishe, niongezee tu. Amesema wateja wote hupima hivyohivyo kama mimi, wa kwanza kurudi kuuliza sababu ni mimi. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Jumatano, 12 Februari

Ile ghali. Ndogo kama kipande cha sabuni. Nikaipa mzigo mzima — saa nzima na dakika mbili. Nusura nilie.

Halafu nikaishika. Baridi. Sasa hiyo ikanishangaza. Ile ya kwanza ilichoka ikawa ya moto, hii haijafanya kazi hata kidogo. Imelala. Kwa hiyo kinachoizuia kiko nje yake. Nikabadilisha tundu, nikazima kila kitu, nikawasha tena.

Rufino akapita kuchukua taa zake. "Dada, huo si waya wangu wa kuchajia simu?"

Ndio. Vichwa vinafanana kabisa. Wa diski ulikuwa bado kwenye boksi, mfupi, mnene. Nikauchomeka: dakika tatu. Tatu! Nimeufunga uzi mwekundu, wala sitaki mtu auguse.

Jumatano, 19 Februari

Nimefanya mazoezi mara nne. Kutoka kwenye kadi ni dakika kumi na moja, kwa sababu kadi zenyewe ndizo za polepole. Naweza kusafisha picha ndani ya diski hiyohiyo bila kunakili tena. Nikisogeza mwanga, uso unang'aa palepale. Nang Perla amepiga simu. Wasimamizi wa ndoa wamefika jozi kumi na nane, na kila jozi inataka picha yake. Sawa tu. Mlango ni mpana.

Jumamosi, 22 Februari

Saa tatu asubuhi, nyumbani kwao. Nong Eliseo amekaa katikati ya mkewe na Lorelie. Nikabonyeza. Nang Perla akaruka kama ameungua. Watatu kwenye picha moja, wa katikati hutangulia kaburini — kila mpiga picha huku anajua, wakija watatu mtafute wa nne. Mimi nilikuwa nawaza diski. Akamvuta jirani mwenye vibanio kichwani, tukapiga upya.

"Ile ya watatu ifute," akaniambia. "Anakwenda baharini huyu."

Nikasema ndio. Lakini kwenye ile ya watatu wote wanacheka. Sijaifuta.

Saa kumi. Meza ya nyuma ya ukumbi, karibu na spika. Kadi zinaingia. Dakika kumi na moja na sekunde nne. Rufino ananiletea wali, nalia huku nakula, kwa furaha.

Saa kumi na mbili na robo. Zimeonyeshwa! Sabini na mbili, hakuna iliyoganda. Nong Eliseo alimshika Lorelie mkono kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Hakupiga makofi. Alisahau.

Saa moja kasoro dakika ishirini. Nong Eliseo amekuja na flashi yake ya kuhifadhia picha. Anataka zote, hata zile za watu waliofumba macho. Kwenye meli atazitazama kidogo kidogo kila siku. Nimeichomeka: dakika arobaini na tano. Gari liko mlangoni.

Nikaangalia flashi. Nikaangalia diski yangu. Kanuni yangu ni kwamba kadi peke yake si akiba. Leo nikaivunja: nikaichomoa diski, nikampa, na waya wake wenye uzi mwekundu. "Usivitenganishe hivi viwili, tafadhali."

Akainama sikioni kwangu. "Ile ya watatu imo?"

"Imo."

Akaitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

Saa moja na dakika kumi na tano. Gari limeondoka. Nang Perla amerudi kutoka mlangoni, hakwenda kwa wageni. Amevuta kiti kando yangu. Anataka kuona picha zote, nianzie asubuhi. Sijui amesikia nini. Sijathubutu kumwangalia usoni.

Zimebaki kwenye kadi tu. Wiki tatu natafuta kasi, na leo kwa mara ya kwanza nataka mashine ijikokote. Nikafungua begi, nikachukua waya wa simu wa Rufino, nikaunganisha nao kisoma kadi.

Zinajitokeza moja moja. Viatu. Pete. Gauni mlangoni. Nang Perla anatazama, kaweka mkono kwenye goti langu. Najifanya naandika muda.

Ile ya watatu ni ya arobaini na moja. Sasa ni ya kumi na sita.