Kona Iliyokataa Kushika

Jumamosi, 6 Februari

Nyasi zimefika. Lori zima! Zimekunjwa kama mikeka, zinachuruzika maji na matope, zikamwagwa getini kabla sijapiga mswaki. Baba alikuwa ameshavaa ovaroli yake ya zamani, ile aliyokuwa akitengenezea lifti. Amestaafu siku nyingi. Sikujua kama ovaroli ile bado ipo, nilidhani Mama kaifanya dekio.

Zinatandikwa uani kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Jumamosi ya tarehe ishirini na saba wageni watakanyaga kijani kitupu — ndivyo alivyosema Baba, kifua mbele. Yeye na fundi wa bustani wamepiga magoti mpaka adhuhuri, wanalaza mkeka mmoja ubavuni mwa mwingine, wanaziba nyufa kwa mchanga. Kona ya karibu na bomba ilikuwa ya mwisho. Pale palikuwa na mabilinganya yangu. Niliyapanda niliporudi hapa baada ya ndoa yangu kuvunjika, na yalinistahimili kuliko watu wa nyumba hii. Wiki iliyopita Baba aliyang'oa yote. Akaniambia nisijali, sokoni yamejaa tele.

Sokoni yamejaa! Haya.

Jumapili, 7 Februari

Masharti mapya, kwa amri ya fundi. Hakuna kukanyaga ukoka mpaka ushike. Maji alfajiri, mengi, yazame hadi udongo wa chini. Jioni marufuku, majani yakilala na maji yanaota ukungu. Kamba ya nguo imehamishiwa nyuma ya stoo. Anayefua ni mimi. Anayezunguka na beseni kupitia jikoni ni mimi.

Na mpira wa maji nani ataburuta? Baba mgongo mbovu. Bibi harusi anahitaji usingizi kwa ajili ya ngozi. Mimi zamu yangu pale mapokezi, kliniki ya meno, inaanza mchana, kwa hiyo imeonekana nina nafasi. Imeonekana na nani? Sikuulizwa.

Jumanne, 9 Februari

Jua gani hili! Bati la stoo linalia peke yake. Nimeamka gizani nikamwagilia, Baba kasimama kwenye ngazi na kikombe chake, ananielekeza kwa kidole: huku, bado, rudi pale. Hata lifti hazikuelekezwa hivyo.

Adhuhuri alitoka na mwavuli mweusi. Nikadhani anakwenda msibani. Kumbe! Akasimama juu ya kipande kilichoanza kuwa njano, akakikinga jua. Jua likisogea, naye anasogea. Mama akampelekea kiti. Nilimtazama kupitia dirisha la jikoni huku nimeshika mwiko, nikasahau nilichokuwa nakoroga, kikaungua.

Siku yangu mimi ilikuwa ofisi ya msajili wa ndoa, saa ya mapumziko ya mchana. Baba alikuja na ovaroli hiyo hiyo. Akapiga picha moja, akatazama saa, akarudi kazini. Picha ninayo. Ana spana mfukoni.

Mimi hajanishikia mwavuli hata siku moja. Acha niandike neno lenyewe nilitue: wivu. Nazionea wivu nyasi. Mtu mzima na akili zangu!

Ijumaa, 12 Februari

Leo nimekanyaga ukoka. Hatua moja tu, soksi ilipeperuka ikaangukia katikati. Baba alinifokea mpaka jirani akachungulia. Nina akili kweli? Nataka kumharibia mwenzangu?

Jioni bibi harusi akarudi kutoka kazini, simu sikioni, anacheka na mchumba wake, akakata katikati ya uwanja na viatu vyake vya visigino virefu. Tundu, tundu, tundu, toka getini mpaka mlangoni. Nikasubiri radi. Baba akacheka! Akasema eti mizizi nayo inahitaji hewa. Kisha akachukua mchanga, akainama na mgongo wake huo, akaziba tundu moja moja.

Nikaingia ndani.

Asubuhi fundi alikuja kukagua. Alituonyesha namna ya kujua kama nyasi zimeshika: unakamata ukingo, unavuta taratibu. Ukiinuka, bado. Ukigoma, tayari. Akajaribu kona ya bomba, ikainuka yote kama kifuniko cha sufuria. Akaifukia vizuri, akasema tusijaribu jaribu ovyo, tuziache zifanye kazi.

Nilimsikia vizuri tu.

Jumamosi, 13 Februari

Baba alipoingia ndani kuongeza chai, nikachutama karibu na bomba, nikavuta. Ikainuka. Chini udongo mtupu, mweusi, unanukia. Haijashika hata kidogo.

Nikafurahi. Nimeandika na sifuti.

Jumapili, 14 Februari

Pale kwenye ngazi zimeshika. Baba alivuta, zikagoma, akaita nyumba nzima itoke ione. Mama akapiga vigelegele! Kwa nyasi! Bibi harusi akamkumbatia Baba, akamwambia hakuna baba mwingine kama yeye. Baba akafuta jasho lisilokuwepo.

Mimi nilikuwa nimeshika mpira wa maji. Maji yakanilowesha miguu yote, sikuona.

Walipoingia nilienda kwenye kona yangu. Inainuka. Ndiyo, nimeandika yangu. Uwanja mzima ni wake, nipewe hata hiyo.

Jumatano, 17 Februari

Kituko. Baba anamsaka paka wa jirani. Amekuta kona ya bomba ukingo umejikunja na majani yamepauka, akaamua ni paka, anachimba kutafuta pa kujisaidia. Asubuhi alimkurupusha kwa ndara. Paka alikuwa kalala zake juu ya ukuta, hana habari.

Nikamwambia Baba paka wa siku hizi hawana adabu. Macho makavu kabisa.

Baadaye nikampa yule paka kichwa cha samaki, kwa siri, nyuma ya stoo. Alinitazama huku anakula. Sikupenda anavyonitazama.

Alhamisi, 18 Februari

Leo nimefunua, nikaona vizizi. Vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea. Vingine vimekatika, ncha zake zimekuwa kahawia. Kwa hiyo vilikuwa vinashuka siku zote. Mimi ndiye ninayevikata kila asubuhi, kisha nasimama pale najiambia kona haitaki.

Nimeirudisha. Nimeikandamiza kwa viganja vyote viwili. Nimemwaga maji. Kliniki nimempangia mgonjwa mmoja siku mbili tofauti, daktari akaniuliza kama na mimi jino linaniuma. Nikasema ndiyo.

Kesho sifunui. Basi.

Ijumaa, 19 Februari

Nimefunua.

Jumapili, 21 Februari

Kikao cha viti. Mama kakaa na kalamu, nani akae wapi. Meza ya maharusi karibu na ngazi, nyasi zimenawiri pale. Wakwe upande wa kivuli. Kisha wakafika kwenye kona ya bomba. Imekuwa njano waziwazi sasa, inaonekana mpaka barabarani. Picha zitaharibika, kasema Mama. Wakafikiria chungu cha maua. Wakafikiria spika za muziki.

Mama akasema, "Tumweke Dada hapo. Yeye hana makuu."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Limeonekana wazo zuri tu. Kiti changu kitafunika mahali palipokufa! Baba alikuwa anatazama nje.

Mdogo wangu akanifuata chumbani na gauni langu la sherehe. Kalishonesha lenye mikono mirefu, katika joto hili, kwa kuwa anajua sipendi mikono yangu ionekane. Hakuna mwingine anayekumbuka hilo. Alipiga goti akanifunga vifungo vya mkononi kimoja kimoja, akasema bila mimi asingeweza kusimama siku hiyo. Ana macho mazuri, ya Baba. Ningependa awe mtu mbaya. Ingenisaidia sana.

Jumanne, 23 Februari

Fundi amekuja. Uwanja mzima umeshika, kasoro kona. Kasema joto la wiki hii limezidi, tena pale ni ukingoni, ndipo pakaukapo kwanza. Akashauri waikate waitupe, walaze kipande kingine, hakitashika kufikia Jumamosi lakini kitapendeza machoni. Mama akakubali pale pale. Bibi harusi akakubali.

Baba akakataa. Alichutama, kwa tabu, akashika goti, akaweka kiganja juu ya yale majani ya njano. Akasema, "Hii haijakataa. Haijapata kutulia tu."

Kisha akaniangalia. Si usoni. Miguuni. Mimi huyo, mbio mbio, kliniki, saa mbili nzima kabla ya zamu. Nimekaa kwenye kiti cha wagonjwa kati ya watu wenye mashavu yaliyovimba, feni inanipuliza.

Jumatano, 24 Februari

Sijafunua. Mikono inaniwasha kama niliyeshika upupu. Nimepita mbali, nimemwagilia nikiwa nimegeuza uso. Baba kwenye ngazi, kikombe mkononi. Hajaelekeza hata mara moja.

Paka kalala kwenye ukuta. Hajafukuzwa.

Alhamisi, 25 Februari

Naandika jikoni, nimesimama, haraka. Kliniki nimewaambia leo nachelewa.

Watu wa hema wamekuja kupima, wameondoka. Mama na bibi harusi wamekwenda saluni. Nikabaki mimi na Baba na jua hili. Kaniita uani. Nimemkuta kwenye kona, ndoo ya mchanga pembeni, mwavuli kwapani. Nikajua leo ndiyo leo.

Hakupandisha sauti. Alionyesha udongo wa pembeni ya bomba, pale maji yanapodondoka panakuwa tope laini. Alama ya ndara yangu imelala pale, imeelekea ukingo uliojikunja, ya juzi juzi, imekauka kama muhuri.

"Paka havai ndara," kasema.

Nilitaka kusema samahani, kikatoka kingine. Nimemwambia alikuja kwenye harusi yangu na spana mfukoni. Hivyo hivyo, kama mtoto anayeshtaki. Nimemwambia mabilinganya yangu hayakuwa ya sokoni. Nimemwambia nyasi hizi kazisimamia na mwavuli siku nzima, mimi dakika kumi hakukaa. Nimelia, tena vibaya, pua na kila kitu.

Baba aliangalia ovaroli yake, akajipapasa mfukoni, sijui alikuwa anatafuta spana au leso. Hakupata chochote. Mwisho akasema, "Kulikuwa na watu wamekwama ndani ya lifti." Akasema tena, taratibu, "Lakini ningeweza kukwambia. Sikukwambia."

Ni hilo tu. Basi. Sijui hata kama lilikuwa kweli, au kama ningelijua siku ile ningeumia kidogo. Ndoa yenyewe haikudumu, pengine ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuigusa siku hiyo tena.

Kasema harusi ikiisha atakata kipande hiki niyarudishe mabilinganya yangu. Nikajisikia vizuri kwa pumzi moja hivi. Ya pili wivu ukarudi pale pale, mshenzi huyu: kwa nini nipewe palipoharibika? Na aliyepaharibu ni nani? Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Baba akadhani nimekubali.

Akaniambia nipige magoti, tuzibe nyufa za ukingo kabla jua halijanyonya maji yote, yeye mgongo hauwezi. Nikapiga magoti. Nikawa nachota mchanga, najaza, nakandamiza kwa kidole gumba. Yeye kasimama nyuma yangu, nikasikia mwavuli ukifunguka. Tumefanya kazi hivyo muda mrefu. Sikuvuta ukingo. Mara mbili vidole vilikwenda vyenyewe, nikavirudisha.

Kisha nikaona majani mbele yangu yanang'aa kwa jua. Kona nzima iko juani, na maji ya asubuhi yameshakauka. Mgongo wangu ulikuwa wa baridi. Shingo, mabega, nyayo, vyote kivulini. Nikataka kumwambia, Baba umekosea, sogeza mbele kidogo, zinaungua. Neno lilifika mdomoni.

Sikulisema. Nimeendelea kuchota mchanga taratibu, taratibu kuliko ilivyohitajika, mpaka ndoo ikaisha.

Nimeingia kuchukua ndoo ya pili, ipo hapa miguuni, imejaa. Kupitia dirisha namwona. Hajasogea. Kasimama pale pale, mwavuli kaushikilia juu ya mahali nilipokuwa nimepiga magoti, na pale hakuna mtu. Kona iko juani pembeni yake.

Ananiita. Anauliza nimekwama wapi.