Jina Asilolitamka Bibi

Mama Neema,

Habari za hapo nyumbani? Huku Hirbadaw upepo ni wa baridi na vumbi linaingia hadi kwenye maziwa. Jana nilimwamkia bibi, na kabla hata kibuyu cha maziwa hakijafika nikamwuliza baba mkwe wake aliitwa nani. Akaendelea kutazama zizini. Nikarudia kwa sauti kubwa, nikidhani hasikii vizuri. Akainuka, akaenda kwa ng'ombe wake.

Shangazi akacheka. "Kwetu mke hatamki jina la mkwe. Punguza haraka. Hilo niulize mimi, niliyezaliwa katika ukoo huu."

Leo nimekaa na bibi bila kumwuliza kitu, naye amenisimulia mengine yote ya ukoo wetu.

Nawakumbuka sana. Wewe nawe ni mke wa ukoo huu, kwa hiyo jina hili, nililopewa na shangazi, alisome Neema: Gidamis.

Baba Neema