Midomo ya Mtemi

Itigi, Jumatatu

Mdogo wangu Isaka,

Nilimpoteza mume wangu Calist Juni mwaka jana, jukwaani hapa Itigi, watu wakipiga makofi. Unalijua hilo, ila nimelitanguliza kwa kuwa ndilo linaloniandikisha. Habari za huko Singida, mtaani kwako Utemini? Sisi tunapumua, na mashine yangu ya kukamua alizeti inafanya kazi. Shikamoo yako sijaisikia tangu Pasaka, na simu zangu hupokei.

Jumamosi nilikuja Singida kukuona ukiigiza yule Mtemi anayekunywa sumu ili watu wake wapone. Nilikaa nyuma, hukuniona. Mchezo huo nimeuona mara kumi na moja kwa Watemi watatu, kwa hiyo usinifundishe. Melkiori, Mtemi wa kwanza, alikuwa akifa kwa kelele, anagaragara mpaka kofia inadondoka, halafu maiti inanyoosha mkono kuiokota. Tukicheka, anatujia juu kwamba mtemi hafi kama kuku. Calist aliinywa ile sumu polepole kama uji wa moto, akaketi, akafumba macho. Hakusema neno, maana mchezo unataka Mtemi afe kimya. Mimi niliyemshonea lile vazi nililia kila mara.

Siku ile hakuketi. Alianguka kwa magoti, akashika kifua, na wewe uliyekuwa mtumishi wake ukampakata. Ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Moyo wake ulikuwa unazimika, sisi tunapiga makofi. Hata mimi nilipiga, Isaka.

Msibani nilikuuliza kama alisema chochote. Ukanijibu kwamba hapana dada, alikwenda kimya. Nikaamini.

Jumamosi ulianguka vilevile, magoti na mkono kifuani. Mama mmoja pembeni yangu akasema huyu kijana kamzidi hata marehemu. Nilitaka kuondoka. Ndipo nikakuona unamvuta mtumishi shingoni, unalisogeza sikio lake karibu, midomo yako inakwenda haraka haraka kama mtu anayeagiza. Hayo hayamo mchezoni. Melkiori hakuyafanya. Na siku ile mgongo wako ulinizibia Calist, sikumwona. Wewe umeyatoa wapi?

Alisema kitu. Hata kama alitaja mwanamke mwingine, hata kama alinilaani, ni changu mimi.

Mama anakusalimu, mwanangu Ritha pia. Damari aliyekuletea barua hii anarudi Alhamisi kwa basi la saa nne asubuhi. Kabla hajapanda, mpe alichosema Calist, kimeandikwa neno kwa neno. Pole zako usinitumie. Alisema nini?

Dada yako,
Severina