Kanisa Lamkataa Zedekiah, Lamtaka Sufuria

Mpendwa Mama Selpher,

Naomba msaada wako, mama, maana nimekwama na sijui nicheke au nilie. Mimi ni yaya katika nyumba moja ya Loresho, nami nimechumbiwa na mpishi wa Kitisuru, Mjaluo, mtu wa kanisa na wa mizaha mingi, ambaye hapa Kangemi kila mtu anamwita Sufuria, kwa sababu alipokuwa mgeni kazini mvua ya mawe ilimkuta njiani amebeba sufuria ya memsabu akiipeleka kuzibwa tundu, akaivaa kichwani akakatiza nayo sokoni mbio, basi jina likamganda, hata mimi namwita hivyo, na nikuambie ukweli wote, jina lake la ubatizo nililisikia mara ya kwanza siku wazee wake walipoketi na baba yangu kule Machakos.

Sasa Jumapili iliyopita kasisi wetu, ambaye ni mgeni hapa, akasoma tangazo la ndoa kwamba Zedekiah Ogutu anataka kumwoa Kalekye binti Mutiso, na mwenye sababu ya kuzuia aseme, nami nimeinama kwa haya, mara nikasikia benchi inalia nyuma, kumbe ni Tobias fundi viatu, rafiki mkubwa wa mchumba wangu, amesimama kwa hasira: "Mimi nazuia! Huyu msichana ni wa Sufuria, sisi wote tunajua! Huyo Zedekiah ametoka wapi?" Kina mama wakaitikia, "Kweli kabisa!" na mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Kalekye, hata aibu huna?" Mchumba wangu mwenyewe hakuwapo, alikuwa anawapikia wageni wa memsabu. Nikajaribu kueleza, nani anisikie!

Kasisi alipomwita akamweleza, mchumba wangu alicheka mpaka akakaa chini. Wakapatana tangazo la mwisho lisomwe na majina yote mawili. Lakini mama, siku hiyo baba yangu atakuwapo, naye ni mzee mkali aliyekubali kumpa Zedekiah binti yake, sasa asikie Sufuria madhabahuni? Nikamwambia mchumba wangu lisomwe Zedekiah peke yake, na Tobias aonywe anyamaze. Akanitazama, akasema, "Kama unamwonea Sufuria aibu, niambie mapema." Tangu hapo hajacheka tena, nami naogopa nitampoteza. Nifanye nini? Jina langu liandike tu gazetini, Kangemi wote wameshajua.

Kalekye, Loresho

*

Kalekye mwanangu,

Pole, ingawa nimeisoma barua yako nikamwaga chai. Sasa nisikilize. Nani aliyekutongoza? Nani aliyekuchekesha mpaka ukakubali? Ni Sufuria! Leo harusi imekaribia unataka abaki jikoni, mwenzake mwenye jina la heshima ndiye apite mbele ya baba. Hapo umekosa, na umemuumiza. Mtu aliyezoea kucheka akinyamaza, ujue limemwingia.

Siku yako ya mapumziko nenda Kitisuru. Mwombe msamaha, na umwite Sufuria kwa sauti, hata memsabu asikie.

Kisha panda basi uende Machakos kabla baba hajafunga safari. Asiyasikie mambo haya kanisani, ayasikie kwako. Mweleze habari ya mvua ya mawe, na usiruke kitu. Tena usimwogope sana: nina hakika wenzake wa rika wana jina wanalomwita, ila hawalitaji mbele yenu watoto. Akicheka, umepona. Asipocheka, mwambie kanisa zima lilitaka kupigana kwa ajili ya mkwewe, na umwulize wangapi wana mkwe wa namna hiyo.

Kasisi asome majina yote mawili, nawe uinue kichwa.

Na Tobias usithubutu kumwonya! Mpe kiti cha mbele siku ya harusi, na nyama ya kwanza iwe yake. Alisimama mbele ya watu kumtetea rafiki asiyekuwapo. Zedekiah alisomwa kanisani asipate hata mtu mmoja wa kumjua. Sufuria alipata kanisa zima. Huyo ndiye wa kuolewa naye, mwanangu, tena upesi.

Mama Selpher