Sahani ya Pili ya Ijumaa

Nasifah mjukuu wangu,

Miezi minne hujakanyaga Bwera kuniona! Kasese iko mbali namna gani? Marlène muuza vitenge ananiandikia barua hii, lakini maneno ni yangu.

Jirani yangu mpya, Ruben, ni Myahudi wa Mbale. Kila Ijumaa anafunga duka kabla jua halijazama. Nikasema huyu anaficha kitu. Sisi Waislamu tunafunga wakati wa swala, kisha tunarudi kuuza. Jana jioni nikaingia kwake. Mishumaa miwili, sahani mbili, mlango wa nyuma wazi.

“Jaja, Sabato imeingia. Siwashi moto tena, hata wa chai.”

“Na sahani ya pili?”

Akatazama mlango wa nyuma. Kwenye kiti niliona mtandio wako, ule niliokupa Idi.

Ijumaa ijayo pita kwangu kwanza, unywe chai ya moto.

Jaja wako,
Mayimuna